Tunda Nililolionea Wivu

"Mama Susana, mwenzako amefika," Nyangi aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu chake cha tikiti.

"Mwenzangu gani?"

"Yule pale wa gauni la manjano. Ameniuliza Javan yuko wapi kabla hata hajanisalimu. Na kikapu amekifunika kitambaa cheupe pepepe." Hapo akanitazama, jicho moja amelifumba kama mtu anayelenga ndege kwa manati. "Sisi huko kwetu mpakani, mwanamke akija na kikapu kilichofunikwa hatumuulizi anataka nini. Tunamtafutia kiti."

"Labda ni mgeni tu, kama hawa wengine."

"Mgeni gani anajua njia ya kibanda cha vyombo bila kuonyeshwa? Huyo si mara yake ya kwanza, mama. Shauri yako."

Nilikuwa nimeshika brashi mkono mmoja na kibati cha jina la mayungiyungi mkono wa pili, rangi nyeupe bado mbichi. Nikageuka. Mwanamke mwenyewe alikuwa mrefu, shingo ina pingili, na alikuwa na ule mwendo wa watu wa visiwani, wanaokanyaga nchi kavu kana kwamba nayo inayumba. Javan alimwona. Akaweka chini mkasi wa kupogolea, akafuta mikono kwenye kaptura yake ya khaki, akakipokea kile kikapu kwa mikono yote miwili.

"Yuora," alimwita.

Yaani shemeji. Basi nikajua ni nani. Alikuwa Jedidah wa kisiwa cha Mfangano, niliyemsikia kwa jina tu, mdogo wake Phelesia, mke wa Javan. Rangi ilidondoka kwenye herufi ya kwanza ya kibati changu ikaenea yote.

Ilikuwa Jumamosi, Januari ya mwaka wa sitini na sita, na Siku za Bustani zilikuwa zinakwisha kesho yake. Kila kiangazi, kabla shule hazijafunguliwa, bustani yetu ya umma pale kando ya ziwa Homa Bay ilifungua milango kwa wiki mbili. Watu walikuja kutoka Rodi Kopany, kutoka Oyugis, wengine kutoka Migori na chakula chao kwenye masufuria. Asubuhi kulikuwa na matembezi ya kuijua miti. Saa tano watoto walipewa majani makavu wakatafute mti wa kila jani. Mchana kulikuwa na darasa la kupandikiza michungwa, na alasiri matembezi tena. Miti ya mikrismasi ilikuwa imewaka maua mekundu juu ya vichwa vyetu, mabogenvilia yamefunika ukuta wote wa mbele, na bwawani mayungiyungi yalifunguka asubuhi yakafumba jua likianza kulala.

Javan ndiye aliyekuwa mkuu wa watunza bustani. Mimi nilikuwa mwandishi wa vibao. Mwandiko wangu niliupata kwenye masomo ya jioni ya kanisani, nikiwa nimemlaza Susana chini ya dawati, na Javan alipouona mwandiko huo kwenye tangazo la kwaya aliuliza ni wa nani. Ndivyo tulivyojuana. Mwaka mzima nilimwandikia majina ya miti yake. Siku nyingine herufi zangu zikipinda alikuja nyuma akanishika kifundo, akaniambia polepole, akiniita binti wa Rodi, kijijini kwetu, "Usiharakishe, nyar Rodi. Mti hauendi mahali." Mti hauendi, kweli, ila mimi moyo wangu ulikuwa umeshakwenda.

Kulikuwa na mti mmoja tu ambao hakunipa kibao chake niandike. Ni mwegea, uliosimama karibu na maji, ule tunaouita yago. Matunda yake huning'inia kwa kamba ndefu, kila moja refu kama mkono wa mtu na zito kama mtoto mchanga. Javan, ambaye angeweza kukueleza habari za nyasi mpaka ukasahau njaa, alifika kwenye yago akanyamaza, akawapitisha wageni kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Na tunda moja, lile la chini kabisa, alikuwa amelifunga wavu wa katani akaukaza kwenye tawi, lisianguke.

"La mbegu," alinijibu siku nilipouliza.

Mimi si mjinga. Kwetu mtu akifa asionekane mwili, jamaa zake huchuma yago wakalizika mahali pake, kwa machozi na nyimbo kama maiti yoyote. Baada ya hapo aliyekufa amelala, na walio hai wanaweza kuendelea. Phelesia, mke wa Javan, alipotea ziwani akitoka kwao Mfangano kurudi kwa mumewe Karungu. Miaka miwili na nusu. Mwili haukuonekana, na Javan hakumzikia yago. Nilikuwa nikifika kazini alfajiri namkuta ameweka kiganja chake juu ya lile tunda, ametulia hivyo. Sikuwahi kumwona Phelesia. Sikujua kama alikuwa mrefu au mfupi, mpole au mkali. Nilichojua ni kwamba mwanamume niliyempenda alilisalimia tunda kila siku kabla ya kunisalimia mimi.

Ningevumilia. Lakini Alhamisi baba aliniita uani. Baba yangu, Nicodemus, ni mzee wa kanisa na hapigi kelele. Afadhali angepiga.

"Rispa, ulirudi kutoka Kericho na mtoto mgongoni. Nilikuuliza kitu?"

"Hukuniuliza, baba."

"Basi leo nakuuliza. Mwanamume ambaye hajamzika mkewe ni mume wa nani?"

Hakungoja jibu langu.

"Ni mume wa huyo mke. Ukiingia kwake leo, unaingia kuwa nini? Mke mdogo wa mtu aliye majini? Mwambie huyo Javan aje hapa Jumapili, aseme lake mbele ya ndugu zangu, na aseme amemzika lini. Asipokuja, Jumatatu shangazi yako anakupeleka Oyugis kwa Mzee Caleb. Duka analo, anatafuta mke wa tatu, na mtoto amesema atamlea."

Nilimwambia Javan yote hayo Ijumaa. Alinisikiliza akiwa amenishika mikono, akasema, "Nipe siku kidogo tu, nyar Rodi." Mikono yake ilikuwa kwangu na macho yake yalikuwa kwenye yago.

Ndivyo nilivyoamka Jumamosi hiyo. Na ndivyo Jedidah alivyonikuta.

Kwenye darasa la kupandikiza, kazi ya kushika kijiti ilikuwa yangu. Siku kumi na mbili mfululizo Javan aliukata mlimau, akachonga kikonyo cha mchungwa, akakiingiza ndani ya kidonda, na mimi nikashika palepale huku yeye akifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Vidole vyetu vilikutana mara nne, tano. Wanawake wa mjini walishajua, wakawa wanakuja kuona hiyo zaidi ya kuona mchungwa.

"Mbona mlimau umeuonea hivyo?" mama mmoja alimtania siku ile.

"Mlimau una mizizi ya kuvumilia jua, mama. Mchungwa una utamu. Kila mmoja unampa mwenzake asichonacho."

"Kama ndoa!"

"Kama ndoa zingine," Javan alisema, wakacheka. "Haya, nani atanishikia?"

Nilikuwa nimeshainuka. Jedidah alikuwa ameketi mbele kabisa. Akanyoosha mkono wake mrefu bila hata kusimama. "Lete, yuora, mimi nishike."

Akampa! Hakunitafuta kwa macho, hakusema ngoja. Nikabaki nimesimama katikati ya watu kama mti uliokosa kibao. Nikaangalia vidole vyake vikipita juu ya vidole vya yule mwanamke, mara moja, mara mbili. Kila alipozungusha ule ukanda wa mpira ilikuwa kama anaufunga shingoni mwangu.

Nyangi alikuwa ameacha lango lake akaja kusimama kando yangu. "Ninyi Waluo," alininong'oneza, "mke mwenza mnamwita nyieka, si ndiyo? Na wivu mnauita nyiego. Aliyeyaunda maneno hayo alikuwa ameoa wawili, nakuapia."

"Niache, Nyangi."

"Nimekuacha. Narudi kwenye tikiti zangu, huko hakuna nyiego."

Na mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Ziko jamaa ambazo binti yao akifa kwa mumewe humtoa mdogo wake akakae mahali pake. Nyumba isivunjike, watu husema. Jedidah alikuwa na umbo, alikuwa na umri, na Javan alimwita yuora kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayemwogopa mtu anayempenda.

Baada ya darasa nilikwenda kuchukua vibati kibandani. Niliwaona chini ya yago. Wageni walikuwa wanakula, kwa hiyo walidhani wako peke yao. Kiganja cha Jedidah kilikuwa juu ya tunda lile la wavu, palepale anapoweka Javan chake. Nilisimama nyuma ya mafunjo. Sisemi nilipita kwa bahati mbaya. Nilisimama.

"Mama amesema mara hii nisirudi mikono mitupu," Jedidah alikuwa akisema. "Amechoka kungoja. Sote tumechoka, yuora."

"Nipe siku kidogo."

"Siku, siku! Tangu mwaka juzi unaomba siku." Kisha akashusha sauti. "Na yule wa vibao? Utamfanyaje?"

Nilingoja. Mungu wangu, nilivyongoja. Hata mafunjo yaliacha kutikisika. Javan akatazama viatu vyake na hakujibu neno.

Nipe siku kidogo. Alikuwa amenipa mimi maneno yale yale jana yake, nami nikayachukua nikalala nayo kama zawadi.

Saa tisa lori lilileta akina mama wa kanisa kutoka Kosele, thelathini hivi, wamevaa vitambaa vyeupe vichwani. Javan akaja kunitafuta. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyar Rodi, wapitishe wewe leo. Unaijua miti yote kuliko mimi. Mimi sina sauti."

"Umeimalizia wapi?"

"Rispa..."

"Nimesema nitawapitisha."

Niliwapitisha. Niliwaonyesha mafunjo yanayosukwa mikeka, niliwaonyesha mshubiri, mama mmoja akakata kipande akakificha kifuani akidhani sikumwona. Kwenye mkwaju walikumbuka uji, na kwenye kichaka cha ochuoga walikula matunda yote yaliyoiva, nami sikuwakataza. Walikuwa wacheshi. Nilicheka nao kwa mdomo. Tukafika kwenye maji, na pale kwenye benchi, kivulini, alikuwa ameketi Jedidah na kikapu chake. Javan alikuwa anakuja upande wa pili na ndoo ya kumwagilia.

"Na huu?" aliuliza mama mmoja mzee. "Mbona hauna kibao?"

Ningeweza kusema ni yago, mama, tuendelee. Lakini nilimwona Jedidah ameinua uso, mzuri, mtulivu, kama mtu aliyekwisha kufika nyumbani.

"Hauna kibao kwa sababu mwenyewe hataki," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Huu ni yago. Kazi yake mnaijua. Anayepotea huzikiwa tunda hili, akalala, watu wakaendelea na maisha. Lakini wako wanaume wasiozika, mama zangu. Wanalifunga tunda kwenye wavu kama kuku, wanalipapasa kila asubuhi, na huku wanamwambia mtoto wa watu nipe siku, nipe siku. Kumbe wanangoja waletewe mdogo wake tunda, amevaa gauni la manjano."

Hakuna aliyecheka. Ndoo ya Javan ilianguka, maji yakatiririka mpaka kwenye viatu vyangu.

"Aa, nyathina," yule mama mzee alisema taratibu. Mwanangu. Kisha akawageukia wenzake. "Twendeni tukaone maua. Haya si ya macho yetu." Wakaondoka. Walitembea polepole sana, lakini waliondoka.

Jedidah alisimama. Akaja mpaka mbele yangu.

"Wewe ndiye Mama Susana?"

"Ndimi."

"Nimefika hapa saa tatu asubuhi. Mpaka sasa hujaniuliza hata habari ya safari. Ungeniuliza, ningekuambia. Nina mume Mbita, fundi wa mashua. Nina mtoto mmoja, na hapa," akaweka mkono tumboni, juu ya lile gauni, "kuna wa pili. Kumbe siku nzima unanihesabia hatua, unadhani nimekuja kuolewa na huyu?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Nimekuja mara ya nne kuomba dada yangu azikwe," aliendelea. "Mama yetu halali kitandani. Analala mlangoni, kwa sababu anasema Phelesia akija asikute pamefungwa. Miaka miwili na nusu, mlangoni! Na leo nilikuwa nimepanga kukutafuta wewe. Nilitaka tuongee kama wanawake, nikuombe unisaidie kumwambia. Mimi amezoea kunikatalia. Wewe nilidhani angekusikia." Akatikisa kichwa. "Ningejua una ulimi wa namna hiyo, ningekuja kwako mwaka jana."

"Nisamehe," nilisema. "Dada, nisamehe."

"Usimwombe yeye msamaha," Javan alisema nyuma yangu. "Ni mimi."

Nikamgeukia, na aibu yangu yote ikageuka moto tena. "Ndiyo, ni wewe! Ulimpenda kiasi hicho? Sema tu. Sema ulimpenda hata hakuna nafasi, niende zangu Oyugis nikahesabu vifungo dukani kwa Mzee Caleb. Lakini usinishike mikono huku unamtazama yeye!"

"Unadhani nimelifunga hili kwa mapenzi?"

"Kwa nini basi?"

Alikaa chini, palepale kwenye maji aliyoyamwaga. Mwanamume mzima. Alianza kusema akitazama ziwa.

"Kulikuwa na mchuuzi wa samaki, anaitwa Mayaka. Alikuwa anapita Karungu kununua kwa Phelesia, anamletea ndizi za kwao. Siku moja nikawakuta wanacheka. Kucheka tu. Nikamwambia mbele ya watu wote pale ufukweni, kwa sauti kama hiyo yako ya sasa hivi, aende kwa mama yake mpaka ajue yeye ni mke wa nani. Akaenda. Akakaa siku tano. Mwaka ule ziwa lilikuwa linapanda kila wiki, unakumbuka, lilimeza mashamba. Siku ya kurudi upepo ulikuwa mbaya na watu walimwambia angoje. Hakungoja. Aliogopa siku ya sita nitamuuliza amelala kwa nani." Akafuta uso kwa mkono wenye matope. "Ni wivu wangu uliompandisha ile mashua, Rispa. Sasa nilizike hili tunda, nisimame mbele ya mama yake, nimwambie nini? Kila asubuhi nauliza hapa, nimwambie nini. Na kila asubuhi naliacha lining'inie."

Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe ndani ya hadithi yake, na ilinitisha.

Ni Jedidah aliyesema, na alisema kama mtu aliyekasirika.

"Nani alikuambia aliogopa?"

Javan akainua kichwa.

"Nani alikuambia? Ulikuwepo? Mimi ndiye niliyembebea mzigo mpaka mashuani. Siku zote tano alikuwa anatuchekesha kwa habari zako. 'Mume wangu ana wivu kama jogoo,' anasema, halafu anatembea hivi, kifua mbele, mpaka mama anashika mbavu. Asubuhi ile mama alimwambia angoje upepo. Akajibu, 'Jogoo wangu amenuna siku tano, zinatosha. Nikikawia atasahau kuwika.' Alipanda akicheka, Javan. Alikuwa na hamu na nyumba yake. Tunajua ulimfukuza, alituambia yeye mwenyewe, na mama alikusamehe kabla mashua haijaonekana imepinduka. Ningekuambia haya mara ya kwanza nilipokuja. Lakini wewe ukiniona tu, nipe siku, nipe siku, unaniwekea mgongo."

Nilikuwa sijawahi kumwona Javan analia. Hakulia kama wanaume wanaojizuia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na Jedidah akamshika kichwa kama anamshika mtoto, na mimi nikasimama pembeni.

Nitasema kweli, kwa sababu sina faida ya kuficha. Wivu ulinirudia palepale, na mara hii ulikuwa na sura. Tunda halina uso, unaweza kulichukia ukalala. Sasa nilimwona mwanamke anayepanda mashua akicheka, anayemwigiza mumewe mbele ya mama yake, mwenye hamu na nyumba yake. Ningempenda. Tungekuwa majirani, ningempenda. Hilo ndilo lililoniuma kuliko gauni la manjano.

Javan alisimama. Akatoa kisu chake cha kupandikizia, akaukata wavu kamba moja moja, kisha akakata na ile kamba ndefu ya tunda. Lilimwangukia mikononi likamrudisha hatua nyuma. Alilikumbatia. Akasimama nalo, hajui aliweke wapi, hajui alibebeje.

Kiunoni nilikuwa nimefunga leso yangu ya Krismasi, aliyoninunulia yeye, ya rangi ya zambarau yenye maua meupe. Nikaifungua, nikamtandazia.

"Hii ni yako," alisema.

"Mlaze. Utabeba mkeo mikono mitupu mpaka Karungu?"

Akamlaza. Tulimfunga pamoja, mimi na Jedidah, na mikono yetu haikugombana.

"Lori la Migori linaondoka saa kumi na moja," Jedidah alisema. "Nitatuma mjumbe kwa mama leo hii. Tukimzika kesho jioni, atawahi."

Kesho. Jumapili. Javan akanitazama, na naye akakumbuka.

"Rispa, baba yako alisema kesho."

"Najua alivyosema."

"Nikienda Karungu siwezi kuwa kwenu kesho. Mwanamke huombolezwa siku tatu. Siwezi kumzika nikakimbia siku hiyo hiyo kwenda kuposa. Hata wewe ungenidharau."

"Nipeleke na mimi basi. Nitakaa jikoni. Nitateka maji."

"Hapana." Alilisema kwa upole, lakini alilisema. "Ukija watakutazama wewe badala ya kumlilia yeye. Hizi siku tatu ni zake, nyar Rodi. Sikumpa kitu kingine."

Moyo wangu ulipiga kelele. Siku tatu! Mwaka mzima nimemgawana na tunda, na leo, siku aliyolikata, ndiyo siku anayoondoka nalo kifuani, ndani ya leso yangu, na mimi nimeambiwa nibaki. Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno, tena makali. Nikamwona yule Javan wa ufukweni Karungu, anafungua mdomo mbele ya watu.

Nikaufunga.

"Nenda," nilimwambia. "Baba yangu nitamkabili mimi. Nitamwambia nimemwona kwa macho yangu mtu anakwenda kuzika. Akitaka kunipeleka Oyugis Jumatatu, shangazi anibebe mgongoni, maana miguu yangu haitakwenda."

Alitaka kunishika mkono akakuta yake yote miwili ina mzigo. Basi akanitazama tu. Macho yake, kwa mara ya kwanza, hayakuwa na mahali pengine pa kwenda. Yalikaa kwangu mpaka nikainamisha uso.

"Jumatano," alisema. "Nitafika Rodi Jumatano, kabla ya ng'ombe kutoka."

Nilisimama langoni na Nyangi tukiwatazama wakipanda lori. Javan alimpa dereva mkono, hakumpa mzigo. Aliupakata. Nyangi alifunga kitabu chake cha tikiti. Alinisogezea kiti chake.

Sikukaa. Mama mmoja alikuwa ameingia amechelewa, mgeni wa kutoka Rongo, anahema, tikiti mkononi.

"Matembezi yameisha? Yule bwana wa bustani ndiye aliyepanda lori sasa hivi? Amembeba mtoto wa nani?"

"Si mtoto, mama. Amekwenda kumzika mkewe."

"Ole wangu! Maskini." Akaweka mikono kichwani juu ya kitambaa chake. Halafu akanitazama vizuri, jinsi nilivyosimama bila leso, jinsi nilivyokuwa natazama vumbi la lori badala ya kumtazama yeye. "Na wewe, mama, u nani wake?"

"Leo mimi si mtu wake," nilimwambia. "Siku za leo mpaka Jumanne ni za mkewe. Mimi ni wa Jumatano."

Nikampokea mzigo, tukashuka bwawani kabla mayungiyungi hayajafumba.